Plani ya Nchi Inaanzia Wapi

Hapana, Mama Kavira, plani ya nchi siyo maneno ya Kampala peke yake, nilimwambia. Alikuwa amesema plani ni wimbo ya wakubwa, sisi huku Bwera tunacheza tu. Nikamjibu mbio mbio: parishi yetu ya serikali, siyo ya kanisa, inachagua kitu moja ya kuomba, inapanda gombolola iliyo juu yake, inafika wilayani Kasese, halafu Kampala. Mwaka jana wazee wetu waliomba uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege, juu ya mlima! Tukakosa, na jirani zetu walioomba bomba ya maji sasa wanachota. Kesho saa nane ni mkutano tena, na vijana wamenichagua mimi kusema. Nikikosea, tunangoja mwaka mwingine.

"Na utaomba nini, mutoto ya afande?" Ananiita hivyo kwa sababu baba yangu ni polisi, alitoka Teso, na mimi nilikulia kambini hapa.

"Kiwanda ya kukaanga kahawa."

Alicheka mpaka akaacha kuchagua kahawa yake kwenye meza ya kuanika. "Kiwanda! Ndege ilikataa kutua, sasa unatuletea moshi!"

Nilikasirika kidogo. Mimi sina uvumilivu, kila mtu anajua. Lakini huyu mama alikuja kuolewa hapa kutoka Butembo, Kongo, bila kitu, na leo kahawa yake ndiyo wanunuzi wanauliza kwanza. Nikakaa. Alianza polepole, vile anaanzaga, na ninaandika kama nilivyosikia.

"Mwanangu, unaharakisha kama mimi zamani. Nilikuwa bibi mupya. Hapa bamama walikuwa na desturi: bibi na bwana wanachora barabara ya maisha yao ku karatasi. Juu munaweka duara, ni kule munataka kufika. Sisi tulichora nyumba ya bati, madirisha ya vioo, na kamyo, lori ya kubeba kahawa, mbele. Eh, kamyo ilikuwa muzuri! Mamamukwe wangu akakuja kuangalia. Akaweka kidole huku chini, kwenye karatasi ilibaki tupu. 'Nyumba nimeona. Na hapa chini, beko banani, ni nani banasimama?' Akaturudishia karatasi. 'Mukichora kule munaenda, muchore na pale munasimama.'

"Sasa sikia pale tulisimama. Bwana yangu alikuwa anauza kahawa ikiwa bado maua. Ndiyo, maua! Mununuzi anakuja, anaona miti imekuwa myeupe, anatoa pesa kidogo, mavuno yote inakuwa yake. Banaume mingi hapa walifanya vile. Halafu mimi ninapalilia kahawa ya mutu mwingine! Mamamukwe alimupa mutoto wake, bwana yangu, kalamu, yeye mwenyewe akachora ule muti na maua. Hakuniangalia. Mamamukwe akasema duara ya kwanza haiko nyumba, iko kungoja kahawa ikuwe nyekundu. Ule mwaka tulikula mihogo na chumvi, lakini kahawa ilibaki yetu. Nyumba ilikuja nyuma. Kamyo haijakuja, na mimi bado ninaingoja!"

Tukacheka sote.

"Plani ya serikali siichekei," akaendelea. "Nchi nayo iko familia, imechora duara yake juu kabisa, na ni vizuri, mutu asiyechora atafika wapi? Lakini chini ya ile barabara ni sisi. Usiombe kitu kwa sababu inang'aa kwa mbali. Omba ile inafungua njia ya ingine, na uulize kwanza bale banabeba muzigo. Mungu akupe mudomo ya kusema na masikio ya kusikia, mutoto ya afande. Na siku kiwanda itakuja, nikuwe muzima, nikunywe kahawa yake."

Nilirudi kambini nikitembea polepole, mimi ambaye nakimbiaga. Nimesoma mpaka senior sita, mwisho wa sekondari, malengo ya taifa nayajua kwa kichwa, na sijawahi hata siku moja kubeba kahawa mbichi kutoka mlimani. Kesho asubuhi, kabla ya mkutano, nitapanda na wamama, nibebe gunia langu mgongoni kama wao, nishuke nalo mpaka chini. Pale mguu wangu utateleza kwanza, dawa ya pale ndiyo nitaomba saa nane.