Safari za Ditiro kila Kipupwe

Mzee Ditiro alizikwa Jumamosi, pale kijijini Molepolole. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, binti yake wa kwanza, Sethunya, alibaki na swali moja: kila kipupwe, baba alikuwa akienda wapi?

Mengine aliyajua. Baba alilea watoto sita kwa kuezeka nyumba za watu na kulima mtama, wa kwanza kuamka, wa mwisho kukaa. Alichechemea kwa sababu punda wake alimpiga teke ujanani. Lakini kila mwaka baridi ilipoanza kuuma, alifunga kamba zake za kuezekea, akadandia lori la kwenda Letlhakeng, akapotea wiki nzima. Akiulizwa, alisema, "Nakwenda kuona watu."

"Watu gani, mama?"

Mama yake, Mma-Sethunya, hakuacha kukoroga uji. "Mwanamume ana nyumba ndogo, unauliza watu gani? Nilinyamaza kwa sababu alikuwa akirudi. Wewe kama roho inakuwasha, nenda. Ukikuta watoto wenye masikio kama yake, usiniletee hapa."

Sethunya akaenda. Huko Letlhakeng alitaja jina la baba dukani tu, akaonyeshwa nyumba ya Mma-Galeboe. Alijiandaa kukutana na mshindani wa mama yake. Akamkuta bikizee wa karibu miaka tisini, anaota jua.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mtoto wa—"

"Wa Ditiro. Masikio hayo yameshakutangulia. Kaa."

Aliposikia Ditiro amefariki, bibi akasimulia. Ditiro alikuja pale kijana, kuchimba kisima. Mchanga ukatitia, ukamfukia hadi kifuani. Wenzake walitimua mbio. Mma-Galeboe ndiye aliyejifunga kamba kiunoni, akateremka na bakuli la bati, akafukua hadi jioni, kisha punda wake wakamvuta mtu juu, mguu umevunjika. Akamuuguza mpaka akasimama. Tangu hapo hakuna mwaka ambao paa la bibi lilivuja: Ditiro alikuja kuliezeka.

"Mbona alituficha?"

"Alikuwa amemwapia mama yako kwamba visima ameacha. Mama yako alikuwa na mimba. Yako wewe."

"Na teke la punda?"

"Teke gani? Punda ndio waliomwokoa!"

Sethunya alirudi, akamweleza mama yake kila kitu. Mma-Sethunya alisikiliza, mikono imetulia mapajani. Ghafla akajipiga paja.

"Muongo mkubwa! Mimi yule punda nilimuuza kwa hasira! Nikamtukana mpaka anatoka langoni!"

Akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu mazishi. Sethunya alimshika mabega.

Kipupwe kilipofika, Mma-Sethunya aliwachukua wanawe wawili wakaezeke paa la Mma-Galeboe. Alisema anakwenda siku mbili. Vijana walirudi peke yao. Yeye akakaa nusu mwezi, akarudi amenuna.

"Mlikosana?" Sethunya aliuliza.

"Bibi mbishi yule! Ati Ditiro hakupenda sukari kwenye chai. Mume wangu mimi! Ati huko alikuwa akiimba akiwa juu ya paa. Umewahi kumsikia akiimba?"

"Sijawahi."

"Wala mimi." Akatua mzigo wake, akakaa, akatazama mbali. "Mwakani nitamwambia aniimbie huo wimbo wenyewe."