Mama Mkwe Kwenye Geti la Kliniki

Habari hii nilipewa na Clare Akech mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya ibada. Tulikuwa tumeketi nje ya mlango wake hapa Mathare, yeye akichambua sukuma wiki huku anafoka. Nilimwacha afoke mpaka amalize. Kisha nikamwomba aanze tena, polepole.

Saa moja asubuhi, Ijumaa moja ya mwezi uliopita. Akech anapanda kijia kinachotoka mtoni, begi la kazi mgongoni. Nyumba za kutembelea ni kama mia moja, lakini leo anaanza na mtu mmoja. Anasimama mbele ya kibanda cha kuchomelea vyuma.

"Walter Wakoli, toka nyuma ya hilo dirisha. Nimeona miguu."

Wakoli anatoka, miwani ya kazi kwenye paji la uso. "Niaje, Mama Frank."

"Jana ulikuwa kliniki?"

"Nilienda."

"Ulienda wapi? Mimi nilikuwa pale mpaka wakafunga."

"Nilifika, nikarudi. Laini ilikuwa ndefu."

"Na ile Alhamisi nyingine ulisema mvua. Sasa ngoja nisikie ya tatu."

Akech ni mhudumu wa afya mtaani. Kazi yake ni kuwafuata majumbani wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi, asipotee hata mmoja. Yeye mwenyewe anazimeza, wala hafichi. "Frankline wangu alizaliwa bila virusi kwa sababu nilimeza," anasema. "Leo ananishinda urefu." Posho yake huja inapotaka, na mvua humnyeshea yeye pia, lakini hajawahi kuisingizia.

Wakoli ana mambo mawili. Ana virusi, na ana homa ya ini, ile aina ya B. Kidonge chake kimoja kinashika yote mawili. Akikiacha, hata kama anajisikia mzima na anabeba vyuma, ile ya ini inaweza kuamka na kulila ini. Daktari alimwambia hivyo, Akech akamrudia kwa maneno mepesi. Na sasa vidonge vilikuwa vimekwisha.

Zamani watu wa dawa hizi walikuwa na chumba chao upande wa nyuma, na geti lao dogo la kuelekea mtoni. Mwaka jana huduma zikaunganishwa. Mwenye presha, mwenye sukari, mwenye virusi, mwenye ini, wote laini moja, geti moja la mbele, ili asitengwe mtu. Akech aliupenda mpango huo na bado anaupenda. Geti la nyuma likafungwa kwa kufuli.

Basi akadhani Wakoli anaona aibu. Akamletea vijikaratasi. Akamletea mzee Ndirangu, anayemeza dawa miaka mingi, waongee kiume. Wakoli akawatengenezea chai wote wawili.

"Mama Frank, mimi sioni aibu," akasema. "Hii njia yote inajua. Hata kwaya inajua."

"Sasa ni nini, wewe mtu? Unataka nikubebe mgongoni?"

Wakoli akavuta miwani machoni, akawasha moto wa kuchomelea. Ukiwa huna miwani, hapo huwezi kukaa kuuliza zaidi.

Ni Jacky, mke wake, aliyemfuata Akech njiani.

"Unasumbuka bure. Ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu mimi. Yule anayeuza githeri pale getini."

Akech aliketi juu ya jerikeni la mtu bila kuomba. Yule mama kila mtu anamwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Amekuja juzi juzi kutoka Bungoma, anakaa kwa mwanawe ng'ambo ya mto. Na aliyemtafutia nafasi ya kuuzia mahindi na maharagwe yake getini, akamwombea kwa soja anayelinda pale, akamshikia sufuria siku ya kwanza, ni Akech.

"Mimi! Na mdomo wangu huu!" aliniambia, akipiga sukuma kwenye beseni.

Kwa Wabukusu, na Wakoli ni mmoja wao, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, akimwona mbali anageuza njia. Lile geti lina upana wa mkokoteni. Wakoli angepita vipi bila kugusa sketi ya mama mkwe?

"Si wewe umchukulie dawa?" Akech alimuuliza Jacky.

"Nilichukua ile ya mwisho. Sasa wanataka damu, na damu wanataka ya mkono wake."

"Ahame kliniki!"

"Nilimwambia. Anasema, nihame hospitali kwa sababu ya githeri?"

Akech akaenda kuomba geti la nyuma lifunguliwe. Soja akasema ufunguo uko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Semina ya nini? Ya kuumaliza ugonjwa ifikapo mwaka 2030. Akech alicheka mpaka soja akamwuliza kama yuko sawa.

Ikabaki kwenda kwa Kukhu, na siri ya mgonjwa haisemwi.

"Kukhu, si usogee kidogo, uende pale kwa duka la Kabiru?"

"Kwani? Si wewe uliniweka hapa?"

"Kuna jua."

"Jua gani? Ni mawingu."

"Watu wengi wanapita."

"Wakiacha kupita nitamuuzia nani?" Kukhu akakoroga githeri, akafunika. "Clare. Ni yule wa Jacky?"

"Sijataja mtu."

"Hujataja. Kuna mtu kila Alhamisi anasimama nyuma ya mkokoteni wa maji, miguu inabaki nje. Zile buti alikuja nazo kuposa. Nikasema vizuri, mkwe wangu ana adabu, ananikwepa. Sikujua kumbe anataka kuingia."

"Na hukuniambia una mkwe huku!"

"Wewe umeshaona nani anajitangaza ana mkwe? Nenda. Alhamisi mlete."

Alhamisi ikafika, saa mbili asubuhi. Soja anapiga mluzi, ishara waliyopanga. Kukhu anajifunika leso kichwa chote, anageukia ukuta, mwiko mkononi.

"Kukhu, unauzia ukuta?" anauliza mteja.

"Nyamaza ule."

Wakoli anapita ubavu ubavu, kofia imeshuka mpaka puani, nusura aangukie sufuria. Akech yuko nyuma anamsukuma. "Songa! Damu yenyewe utakuwa umeimaliza kwa kutetemeka!"

Wakampima, wakampa dawa. Ini limeanza kuchokozeka, daktari akasema, lakini wamewahi. Jacky naye akapimwa. Hana homa ya ini, akadungwa chanjo yake ya kwanza. Wakati wa kutoka soja akapiga mluzi tena, leso ikapanda tena.

Akech sasa ana mpango. Mkutano ujao wa kliniki ataomba kusema. "Sitaki fulana nyingine yenye maandishi. Nataka ufunguo wa nyuma. Na kabla ya kufunga geti lingine, mtu aende akaangalie ni nani ameketi kwenye lile linalobaki."

Jioni ya Alhamisi ile alipopita getini, Kukhu alimpa bakuli lililofunikwa. "Mpelekee Jacky. Amwambie mtu wake ale kwanza, dawa haitaki tumbo tupu." Ni dawa gani, hakuuliza.

Saa mbili usiku Jacky akatuma ujumbe: "Amekula akamaliza. Amemeza. Anakoroma."

Akech akameza kidonge chake, akaketi kitandani, akaanza kupanga maneno atakayomwambia mkubwa kuhusu ule ufunguo. Hakuyafikisha mwisho. Alilala na viatu.