Kofia ya Idi Iliyokosa Kichwa

Wenzangu tunaoshona nao kofia ukumbini kwa Bi Zuwena huwapima waume zao wakiwa macho. Maskini, hawajui raha ya kushtukiza! Mimi bingwa nlimvizia wangu mchana, kalala, nikamzungushia uzi kichwani, juu ya kanga aliyojifunga kwa kuumwa kichwa. Kanga nliiona vizuri. Akili ndiyo sikuwa nayo.

Nikashona kwa madaha, nikiicheka mishono ya wenzangu.

Siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, mume wangu akaivaa kwa bashasha. Ikamteremka mpaka puani. Mama mkwe akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mtaa wa pili:

"Kofia nzuri, mwanangu. Mwenye kichwa chake nani?"