Bwana Boke wa Butiama

Clementi Magesa, wakili na kamishna wa viapo mjini Musoma, aliamini kwamba daftari la viapo ni uso wa mwenye nalo. Kwa hiyo alilipaka poda. Mkulima wa pamba kutoka Bunda akija na kaptula iliyochanika makalioni, daftarini aliingia kama "mwananchi mwenye nafasi yake". Mlevi akiapa, aliandikwa "mwenye akili timamu", na Clementi aliuona huo kuwa ukarimu. Mhuri aliufungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Mwaka wa sabini na mbili alifika Mama Nyangi, mjane wa Butiama ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuja na Boke, binti aliyemtolea mahari ya ng'ombe ili amzalie watoto wa nyumba yake. Huko kwao hilo halimshangazi mtu: mwanamke aliyekosa mtoto huoa mke, na watoto huwa wa kwake. Walitaka kuiapia ndoa yao. Clementi aliwaapisha, akawachovya vidole gumba kwenye wino, wakabonyeza daftarini, akagonga mhuri na kumpa Nyangi karatasi ya kiapo.

Walipoondoka alibaki anaitazama safu ya majina, ambayo bado ilikuwa tupu. Akamfikiria mkaguzi kutoka Dar es Salaam akikuta wanawake wawili wameoana ndani ya daftari la msomi. Mwishowe akaandika kwa mwandiko wake wa mlalo: "Bibi Nyangi na mumewe, Bwana Boke. Wote nawafahamu binafsi."

Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Vijiji. Nyangi alihamishiwa kijiji kipya, nyumba yake ya zamani ikachomwa, na karatasi ya kiapo ikaungulia humo. Shemeji yake, Wanzagi, hakuchelewa. Alikwenda mahakamani kudai kwamba kaka yake alikufa bila uzao, Boke ni mpita njia tu aliyezalia kwenye boma lao, kwa hiyo watoto wake wawili waletwe kwake yeye Wanzagi pamoja na ng'ombe. Ushahidi pekee uliomsalia Nyangi ulikuwa daftari la Clementi.

"Soma, Ndugu Wakili," alisema hakimu.

Clementi alisoma. Hakimu akamtaka asome tena.

"Huyu Bwana Boke yuko wapi?"

"Kwa sasa sina taarifa zake, Mheshimiwa."

"Lakini unamfahamu binafsi."

"Kiofisi, Mheshimiwa."

"Hata mimi ningependa kumwona," alisema Wanzagi. "Sikujua mjane wa marehemu kaka yangu amerithiwa na mume mwingine."

Boke alikuwa benchi la mbele, ananyonyesha. Clementi alimwona, naye Boke akamwona. Neno moja la kweli lingetosha, ila lingemgharimu mhuri. Akayainua macho darini.

"Daftari langu halijawahi kukosea."

Nyangi alisimama bila kuitwa.

"Mwanangu Clementi, babu yako Magesa alizaliwa kwenye nyumba kama yangu. Yule mama aliyetoa ng'ombe akamwoa mzaa babu yako, nilikuwaga namwona sokoni Bunda. Yeye alikuwaga na ndevu?"

Watu walicheka. Clementi alikuwa ameijua habari hiyo tangu utotoni, na miaka yote ya masomo aliitumia kuisahau.

Hakimu hakucheka. Alilivuta daftari karibu. Chini ya jina la Bwana Boke palikuwa na alama ya dole gumba, imepasuliwa katikati na mstari mweupe wa mshazari.

"Wewe mama mwenye mtoto, lete mkono."

Kwenye dole gumba la Boke kulikuwa na kovu la mundu, alilolipata akivuna ulezi kabla hajaolewa. Wakamchovya wino, akabonyeza karatasi. Mstari ule ule ukatokea, mshazari ule ule.

"Basi," alisema hakimu, "Bwana Boke amepatikana, na ananyonyesha. Watoto na ng'ombe wabaki kwa Mama Nyangi. Wewe Ndugu Wakili, utafuta na kuandika upya hapa hapa, mbele yetu. Habari ya mhuri wako nitawaandikia wakubwa wako."

Clementi aliomba rula, ili mstari wa kufutia unyooke.

Wakubwa walimpa onyo, na mhuri ukabaki shingoni kwake, yaani ufunguo wake. Tangu hapo, kila mteja aliyeketi ofisini alisimuliwa jinsi daftari la Clementi Magesa lilivyoiokoa nyumba ya mjane wa Butiama. Hakuwa anadanganya kabisa. Katika ukurasa ule kitu kimoja kilikuwa cha kweli, dole gumba la Boke, na lilinusurika kwa kuwa hakujua namna ya kulipamba.