Ndege Isiyotakiwa Kung'aa

Mwenda alikuwa akichoka kabla siku haijaanza kumchosha. Asubuhi akitoka kwake mtaa wa Barani, patasi zimefungwa kwenye gunia, miguu ilimpeleka yenyewe mpaka banda la wachongaji na kumkalisha mahali pake, chini ya paa la makuti, kando ya nguzo iliyoliwa na mchwa. Hapo ndipo alipokaa tangu ashuke pwani kutoka Meru, kijana mwenye nywele tele. Nywele zimekwenda, nguzo inakwenda, yeye bado yupo.

Mbele yake walisimama twiga wa mti aliowachonga. Twiga wakubwa, twiga wadogo, twiga walioinamisha shingo kama wanaosikiliza umbea, na wote wana vumbi. Zamani wageni walikuwa wakiingia bandani kwa makundi. Siku hizi huja mmoja, akapiga picha, akasema nzuri sana, akaenda zake.

Ndipo mwenyekiti wa banda, Charo, alipokuja na neno la kamati. Charo mwenyewe alikuwa mchongaji kabla ya kupewa uenyekiti, na mikono yake bado haikujua la kufanya ikikosa tezo.

"Mwenda bwana, usinikasirikie mimi," alisema. "Vijana wa vitanda na makochi wana oda, na hawana pa kukaa. Kamati imesema hivi: kivuli ni cha mwenye oda. Asiye na oda, mwisho wa mwezi huu atoke akachongee kule nje, kando ya barabara. Si mbali. Ni hapo tu."

"Hapo tu ndipo jua liliko," alijibu Jedida, mke wa Mwenda, bila kuinua kichwa. Yeye ndiye aliyepiga msasa na kung'arisha kila kitu mumewe alichochonga.

Charo alilijua hilo. Kila mchongaji wa Malindi anajua. Mti wetu ni mwarobaini, na mwarobaini mbichi ukiuchonga juani hukauka kwa pupa na kupasuka. Anayetolewa kivulini hajaambiwa aache kazi, lakini mti wenyewe utamwachisha.

Siku zikaenda. Mwenda akamaliza twiga mwingine, kwa sababu hakujua afanye nini badala yake.

Basi siku moja akaingia Faris. Faris ni kijana wa mjini, wa nyumba za kale za kule karibu na pwani, aliyekwenda kusoma ng'ambo akaajiriwa huko huko na kampuni inayounda ndege. Alivaa suti, na shingo imelowa jasho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu twiga."

"Sikujia twiga, mzee. Nataka unichongee hii." Akatoa mfano wa plastiki, ndege nyembamba yenye mabawa mapana, pua kama mdomo wa samaki chuchunge, na mapezi mawili yamesimama nyuma.

Akaeleza. Nchi ile anakofanya kazi ilikuwa imechoka kununua ndege za kivita kwa mataifa makubwa, kila ikinunua inapewa masharti. Ikaamua kuunda ya kwake, tena si ndege ya hivi hivi, ni ile ambayo rada haiioni. Wamehangaika nayo miaka mingi. Sasa inaruka, lakini gharama yake nchi moja haiwezi kuibeba peke yake. Lazima wapatikane wateja wa nje. Wakubwa wa majeshi kutoka nchi kadhaa watakutana kwenye hoteli moja Watamu, na kila mmoja atapewa ndege ya mti awe nayo mezani kwake.

"Wakitia sahihi," Faris akasema, "kila maonyesho tutakayokwenda duniani, ndege za mti zitatoka hapa kwako. Hiyo ni oda isiyokwisha."

Charo, aliyekuwa amesogea kama hasikilizi, akauliza, "Rada haiioni?"

"Haiioni."

"Sasa mteja atajuaje kama mmemletea?"

Banda zima likacheka. Faris naye akacheka, lakini kidogo, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hilo mara nyingi. Mwenda hakucheka. Alikuwa ameshaichukua ile plastiki anaipima kwa kidole.

"Mwenda amepata oda," akasema Charo. "Kaa, bwana. Kaa kivulini kwako."

Kazi ile ilimtesa. Twiga anamchonga hata akisinzia, mikono inamjua. Ndege hii haikuwa na nyama wala mifupa ya kushika. Ncha za mabawa zilimkatikia mkononi, akaanza upya. Na kilichomsumbua zaidi ni macho. Bandani macho hutiwa mwisho. Ukishatia macho, kitu kimekwisha, hukigusi tena kwa patasi. Ndege haikuwa na macho, kwa hiyo kila jioni aliiweka chini akiona bado haijakwisha, kesho yake akaishika tena na kuipunguza pasipohitaji kupunguzwa.

"Baba Cindy, iache," Jedida alimwambia. "Utaila yote."

Akaziacha. Jedida akazipiga msasa, kisha wote wawili wakazisugua kwa kiwi ya viatu, kwanza kwa burashi, kisha kwa kitambaa, kama walivyofanya kwa kila kilichotoka katika mikono yao tangu waoane. Hakuna aliyewaambia wasifanye, na wao haikuwapitia akilini kuuliza. Kazi isiyong'aa, bandani huitwa kazi ya mvivu. Zilipokwisha zilimetameta, ukiinamia bawa unaiona pua yako.

Faris alipokuja kuzichukua, siku moja kabla ya mkutano, alisimama na mikono kichwani.

"Ya Rabi! Mzee wangu, mbona zang'aa?"

"Si ndiyo uzuri wake?"

"Mzee, ndege hii fahari yake ni kutong'aa! Ile rangi yake ya kijivu imefubaa kusudi, ndiyo yenye siri. Wameipika miaka. Mkubwa wangu akiziona hizi, atasema nimeleta viatu."

Mwenda akahisi uchovu wote wa mwezi unamshukia mara moja mabegani. Akatazama nje, kule kando ya barabara. Jua lilikuwa limekaa pale linamngoja.

"Lete mafuta ya taa," akamwambia mkewe.

Wakaanza kuondoa walichokitia. Mafuta ya taa, kitambaa, msasa, tena mafuta ya taa. Faris alitazama kidogo, kisha akavua koti, akalitundika kwenye shingo ya twiga, akakaa chini kuwasaidia. Hakuwa na mkono wa kazi, lakini alisugua.

"Hivi watanunua?" Mwenda akamuuliza, ndege ipo magotini.

Faris akaweka kitambaa chini. "Mzee wangu, nikwambie kweli? Ndege ni yetu, injini si yetu. Injini twapewa na wakubwa wale wale tuliowakimbia. Na mwenye injini akisema fulani usimuuzie, humuuzii. Ya kwetu yaundwa, lakini bado sana. Wateja wayajua haya."

"Kwa hiyo mnauza kitu ambacho hakijakwisha."

"Twauza ahadi."

"Na sisi," Jedida akadakia, "tunaisugua ahadi ya watu kwa mafuta ya taa."

Faris akacheka, safari hii kwelikweli, mpaka akafuta macho kwa kiwiko cha mkono. Kisha wote watatu wakaendelea kusugua. Jua lilipozama ndege zote zilikuwa zimefubaa kama jivu la jana. Faris akazipanga sandukuni, akawapa mkono wa heri, akaondoka na koti lake lina vumbi la twiga.

Mkutano ukapita. Mwenda alikaa mahali pake bila kuchonga, mikono imelala mapajani. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya ainue kichwa.

Faris alirudi akiwa na lile sanduku.

"Hawakutia sahihi," alisema kabla hajasalimu. Akaketi juu ya gogo. "Mmoja asema atangoja injini yetu wenyewe. Mwingine ataka kwanza aone jeshi la kwetu lairusha miaka kadhaa. Mwingine alikula, akashukuru, akenda kulala. Na hizi wameziacha vyumbani. Hakuna aliyetaka kufunguliwa begi uwanja wa ndege akutwe na ndege ya vita. Wafagizi wamenikusanyia. Sikuweza kuzitupa, mzee. Wallahi sikuweza."

"Na wewe?"

"Mimi narudi kesho. Twenda kuonyesha pengine." Akaamka taratibu, kama mtu mzima kuliko umri wake. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nenda salama."

Faris akaenda zake. Mwenda akatoa ndege moja sandukuni, akaigeuzageuza. Ilikuwa kavu, haina harufu tena ila ya mafuta ya taa. Mabawa mapana, mwili bapa. Akakumbuka kule Dabaso, siku ile Jedida alipoinama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, akamwonyesha samaki aitwaye taa, mpana kama sinia, amelala chini ya maji, rangi ya mchanga, haonekani mpaka asogee.

Akachukua patasi. Akayakata yale mapezi mawili, akaiviringisha pua, akayalainisha mabawa. Nyuma akatoboa, akatia ufito mwembamba kwa gundi ukawa mkia. Halafu, mwisho, akamtia macho, moja huku na moja huku, juu ya mgongo. Akapumua. Kile kitu kilikuwa kimekwisha.

"Kiwi imebaki?" akauliza.

"Ipo," Jedida akasema, na kitambaa tayari kilikuwa mkononi.

Mwisho wa mwezi Charo akaja, na nyuma yake vijana wa vitanda wamebeba mbao. Akatazama sanduku, akamtazama yule samaki anayemetameta kati ya twiga.

"Huyu kaagizwa na nani?"

"Hajaagizwa."

"Basi si oda, Mwenda."

"Si oda."

Charo akamwinua yule taa, akampitishia kidole gumba kwenye bawa, kule ambako mchongaji mbaya huacha kovu. Hakukuta kovu. Vijana wakazishusha mbao mabegani, mmoja mmoja.

"Mle sandukuni wamo wangapi wasio na macho?"

"Waliobaki wote."

Charo akamrudisha samaki mahali pake, akawageukia vijana. "Mzee hajamaliza kazi. Kazi ya watu haitolewi nje kabla ya kutiwa macho. Akimaliza, atatoka."

Vijana wakaguna, wakazibeba tena mbao zao. Charo akaenda zake bila kuaga.

Mwenda akavuta ndege nyingine kutoka sandukuni, akaiweka magotini, akaanza kuikata mapezi. Alichonga polepole, polepole kuliko alivyowahi kuchonga maishani mwake, na Jedida hakumwambia afanye haraka.