Fausto Aliyeingia Nyumbani Mara Mbili

Saa nne asubuhi, siku ya mechi ya mwisho ya msimu, Fausto Encarnación anasaka abiria kwa bodaboda yake mjini San Pedro. Ndiyo, mchezaji wa besiboli wa kulipwa, tena anayewania kuwa kinara wa ligi.

"Timu yangu, Pelícanos, inanilipa miezi mitatu," anasema. "Tumbo langu linacheza miezi kumi na miwili."

Kazi yake uwanjani ni kupita vituo vyote vitatu na kurudi nyumbani, pale kwenye kibao cheupe alipoanzia. Kila akikikanyaga, anahesabiwa mzunguko mmoja. Anayo thelathini na tisa msimu huu, na mwenye mingi zaidi ndiye kinara. Kijana mmoja wa timu ya La Vega anayo thelathini na tisa pia, naye ameshamaliza mechi zake.

Fausto ana miaka thelathini na sita, na hajawahi kuongoza kitu, labda foleni ya kuku wa kukaanga.

Ugonjwa wake ni kucheza merengue, dansi ya kwao. Akikaribia nyumbani, mashabiki hupiga ngoma, naye huingia akikata kiuno. Mama yake, Doña Eduviges, kila mechi humkemea: "Fika kwanza, shetani wee!"

Jioni, Pelícanos wakiwa kwenye zamu yao ya mwisho ya kupiga, Fausto yuko kituo cha kwanza. Leocadio Brito, bonge la mtu, anaukung'uta mpira hadi nje ya ukuta. Mpira ukitoka hivyo hakuna wa kuwazuia, kwa hiyo wote wawili wanarudi nyumbani kwa mwendo wa maharusi. Ngoma zinalia. Fausto anajizungusha, anarusha kofia, anapita.

Kibao hajakigusa.

Mdakaji wa wapinzani ameona, anachekea ndani ya barakoa. Kanuni haina huruma: Leocadio akikanyaga kibao kabla Fausto hajarudi, mzunguko wa Fausto umekufa. Na Leocadio huyo anakuja, anapungia watu mikono.

"Leocadio! Simama hapo, mnene wewe!" Doña Eduviges anapasua koo jukwaani. "Mjinga wangu hajafika!"

Leocadio anafunga breki hatua mbili kutoka kibaoni, akiyumba.

"Compadre, wahi!" anamlilia Fausto. "Miguu imesimama, tumbo bado linakuja!"

Fausto anageuka mbio, anajitupa kifudifudi, anakipiga kibao kwa viganja vyote viwili. Kisha anakibusu. Mwamuzi anacheka mpaka anajishika mbavu. Arobaini! Ndipo Leocadio anaingia, naye akicheza merengue.

Nyumbani kwa Doña Eduviges, mbele ya sahani ya nguruwe wa kuchoma, kinara mpya anaulizwa na mwandishi wa habari kuhusu mwakani.

"Nataka kuongoza tena. Miguu ipo."

"Mwakani nakaa nyuma ya kile kibao," mama yake anadakia, akivua kandambili na kuiweka mezani, "na hii mkononi."

Fausto anaitazama kandambili, anaisogeza mbali kidogo na nyama.

"Basi andika," anasema. "Hamsini."