Ujumbe Nilioutunga Mimi

Nilianza kwa kuuza vocha za simu chini ya mwavuli kule mtaani Katuba. Kampuni ya programu za simu ilinichukua kwa sababu nilijua wateja wanakwama wapi, si kwa ajili ya masomo yangu machache. Nilipanda polepole hadi kuwa mkuu wa bidhaa, na cheo hicho nilikipata kwa ujumbe mmoja. Mteja asipofungua programu yetu kwa siku kumi, simu yake inapokea maneno haya: "Tunakukumbuka. Rudi kwetu." Wateja wengi walirudi.

Mwaka huu mke wangu alifariki. Kwetu simu ya marehemu haizimwi upesi, ili ndugu wa mbali wakipiga wapewe habari. Mama mkwe ndiye aliyeishika. Siku moja aliniletea mbele ya watu wa kilio.

"Baba, bantu ba kazi yako banamuita arudi."

Niliifuta programu palepale. Kazini niliomba tuweke mahali pa familia kutujulisha kwamba mwenye simu amefariki. Mkurugenzi alinipa pole, kisha akasema kirafiki, "Lakini mon vieux, tukitoa bafu, bale benye kufa, hesabu ya wateja itashuka."

Nimeomba mara tatu. Jana jirani yangu, ambaye mumewe dereva alifia kwenye njia ya mpakani Kasumbalesa, alininyooshea simu ya marehemu, ujumbe ule ukiwa kwenye kioo.

"Papa, weye unatumikaka kazi kule. Nani anaandikaka hivi?"

"Ni mimi," nilimjibu.